Gunia la Mbwa na Kikombe cha Mwalimu

Kikombe cha Mwalimu kilikaa kwangu miaka kumi na tisa. Ni kikombe cha bati, cha samawati, kimebambuka ukingoni, na kilikuwa na msumari wake ukutani juu ya jiko langu. Hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitu kingine pale. Siku moja binti yangu alitundika mwiko, nikamfokea hadi akaniuliza kama hicho kikombe ndicho nilichokizaa kabla yake.

Mwalimu ni jirani yangu hapa Shauri Moyo. Mlango wake unatazamana na wangu, na kati yetu kuna mtaro wa saruji ambao mtu mzima huuvuka kwa hatua moja. Alifundisha wasichana madrasa kule Majengo tangu ujana wake hadi magoti yalipogoma, ndiyo maana mtaa mzima humwita hivyo, Mwislamu kwa Mkristo. Mimi nilifika hapa kutoka Magharibi na mtoto mgongoni na godoro moja, na yeye ndiye aliyenionyesha mfereji upi hutoa maji siku gani. Ni bibi wa miaka sabini na kitu. Mimi nina hamsini na mbili, na bado ananiita binti.

Nauza nguo za watoto, mitumba, pale Gikomba. Soko likipoa narudi kwa miguu na kufika nyumbani kabla ya Alasiri. Kwa miaka hiyo yote mambo yalikuwa vile vile: adhana ikitoka, Mwalimu anaingia kuswali, mimi nawasha jiko. Akimaliza anavuka mtaro na kuketi kwenye benchi langu, kwa kuwa saa hiyo upande wangu ndio wenye kivuli, nami natungua kikombe chake. Tunakunywa chai. Tunasengenya kidogo, wala sioni haya kusema. Siku nyingine hatusemi neno, tunatazama watu wakipanga mitungi yao mferejini. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kukoma.

Halafu mbwa akaja.

Alikuja ndani ya mfuko wa sokoni, kichwa nje, mkononi mwa binti yangu anayeishi Tassia, ghorofa ya nne. Alikuwa wa kahawia, mguu mmoja mweupe, na tumbo limejaa kama la mtoto aliyemaliza uji wa wenzake.

"Mathe, usikasirike," binti alisema kabla sijafungua mdomo. "Landlord ameniambia nichague, mbwa ama keja. Ni wiki mbili tu, natafuta keja ingine."

"Na mimi nimekwambia nafuga?"

"Mwangalie macho basi."

Nilimwangalia macho. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Wiki mbili ziliisha, nyumba nyingine haikupatikana, na mimi niliacha kuuliza. Jina la mbwa silitaji hapa, maana mtu wa mtaa wetu akilisoma tu atajua ni nani anayeandika.

Siku ya kwanza Mwalimu alipotoka kuswali alifika kwenye mtaro akasimama. Mbwa alikuwa ameshaanza kumrukia akiwa mbali, ulimi nje, kamba imekazika. Mwalimu hakuogopa wala hakukunja uso.

"Simchukii," alisema. "Ni kiumbe kama sisi. Lakini mate yake yakinigusa niko na kazi ya kuosha mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Kwa magoti haya? Kwa maji haya ya mtungi? Na huyu, binti, ni mate matupu."

Akarudi akatoa kigoda chake, akaketi upande wake, juani. Nikampa chai kwa kuinyoosha juu ya mtaro. Alikunywa amefinya macho, kiganja usoni. Tulifanya hivyo siku kadhaa, tukisemezana kwa sauti kubwa kama watu walioko ng'ambo mbili za barabara, na huwezi kusengenya kwa sauti kubwa. Baadaye akaanza kusema jua ni kali leo, akabaki ndani. Niliinywa chai yangu peke yangu na sikupenda ladha yake.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu lakini pia si mtu wa kukubali kushindwa na kitu chenye mkia. Nikaamua mbwa atafunzwa. Sikutaka maajabu. Nilitaka jambo moja tu: mtu akija, alale kwenye gunia lake kando ya mlango, na asiinuke hadi nimwambie. Akiweza hilo, Mwalimu atavuka mtaro.

Binti yangu alinitumia video kwenye simu. Mwanamume mmoja alikuwa kwenye uwanja wa nyasi mpana kuliko ploti yetu yote, kiunoni kifuko cha biskuti, mbwa wake anamtazama kama anayesubiri kubarikiwa. Mimi nilikuwa na gunia la viazi, hatua nne za saruji, na matumbo niliyochemsha na kukatakata vipande vidogo kama punje za maharagwe. Watu wengi huku huongea na mbwa kwa Kizungu, hata asiyeweza kumwomba konda chenji kwa lugha hiyo. Mimi nilikataa. Mbwa wa Shauri Moyo atajifunza Kiswahili. Neno langu likawa moja: lala.

Nilichagua saa yangu kwa ujanja, au nilichodhani ni ujanja. Adhana ya Alasiri ikianza, Mwalimu yumo ndani, njia ni nyeupe, nami nimetoka sokoni. Nilikuwa natoa bakuli la matumbo muda ule ule. Lala. Nilimvuta kwa kipande hadi kwenye gunia, lala, nikamkandamiza mgongo, lala nimesema, na akijitia hamnazo namwonyesha kandambili. Akilala, kipande mdomoni. Kila siku hivyo, pale pale, saa ile ile, kwa mpango ambao hata mama mkwe angeusifu.

Wiki ya tatu muujiza ukatokea. Nilitoa bakuli, nikasema lala mara moja, na mbwa akawa ameshalala. Kesho yake vile vile. Keshokutwa sikuwa nimemaliza neno. Gikomba nzima ilisikia. Niliwaambia wauza makoti, niliwaambia wabeba mizigo, nilimwambia mama mmoja aliyekuja tu kununua soksi za mtoto. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani mapema, nikiwa bado nimevaa gauni langu la kitenge, nikamwita Mwalimu. Ilikuwa kama saa tano asubuhi.

"Mwalimu, toka uone. Leo Alasiri utakunywa chai kivulini."

Alitoka amejitanda leso, uso unacheka. Nilimfungua mbwa kamba, kwa majivuno tu, ili aone kwamba hahitaji kamba. Nikamwambia Mwalimu avuke. Akavuka.

"Lala," nikasema.

Mbwa alinitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Nikasema tena. Nikapaza sauti. Nikavua kiatu. Alipoona kiatu alikimbia upande mwingine, na upande huo ndiko alikokuwa Mwalimu. Alimrukia miguu miwili juu, akamlamba mkono toka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kwa furaha zote za dunia.

Mwalimu hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Alishikilia mkono ule mbali na mwili wake na kusema, "Niletee udongo."

Udongo safi ni shida kuupata kwetu, kote ni saruji. Niliuchota kwenye mkebe ninaopandia sukuma wiki, mizizi ikakatika. Nilimmiminia maji juu ya mtaro na yeye akaosha, akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, hadi saba. Kisha akabadilisha leso, akarudi mlangoni mwake.

"Nipe kikombe changu, binti."

Sikuelewa. "Nikuletee chai?"

"Kikombe. Nikiweke kwangu. Siku huyu akikitia ulimi wewe uko sokoni, hutajua, na mimi nitakinywea. Si ubaya."

Nilikitungua. Moshi wa miaka ulikuwa umeupaka ukuta rangi ya chai, na pale kilipokuwa kikining'inia palibaki duara jeupe. Nilimpa kikombe juu ya mtaro, nikarudi ndani, nikaketi kitandani na gauni la kitenge nikalia. Nililia kwa aibu kuliko kwa huzuni, lakini huzuni pia ilikuwepo.

Siku zilizofuata sikumsemesha mbwa. Nilimwekea ugali na mchuzi wake, nikapita. Alikuja mwenyewe jioni akaweka kidevu juu ya mguu wangu, na nilimwacha, kwa maana nilikuwa nimeshampenda na hasira haikubadilisha hilo. Binti yangu alipiga simu.

"Mathe, nimepata mtu huko Lucky Summer, ako na geti na kila kitu. Atakam kumchukua mwisho wa mwezi. Ama?"

Nilitazama msumari ule mtupu. "Aje," nikasema.

Alhamisi ile nilitoka sokoni nikamkuta Mwalimu ameketi kwenye kigoda chake juani, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa muda. Alinisalimu. Kisha akaniuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Nimesikia anaenda."

"Anaenda. Hafundishiki. Kichwa chake ni jiwe."

"Wewe humfundisha saa ngapi?"

"Saa zote."

"Usinidanganye, mimi nakaa hapa."

"Alasiri," nikasema.

"Alasiri tu?"

"Si ndiyo saa yangu ya kutoka sokoni?"

Mwalimu alitazama saa yake ya mkononi. "Leo usitoe bakuli. Usiseme neno. Ketini hapo tu, wewe na mdomo wako, kama mnaweza."

Niliketi kwenye benchi. Mbwa alikuwa amejilaza kwenye kizingiti, akiuma kipande cha kandambili. Tulingoja. Mbali kidogo kipaza sauti kikakwaruza, muadhini akaanza, na mbwa akainua kichwa. Aliacha kandambili. Akainuka, akatembea taratibu hadi kwenye gunia lake, akajizungusha mara mbili, akalala, mikono imenyooshwa mbele, macho kwenye mlango linakotokea bakuli. Sikuwa nimetamka kitu. Nilishika kichwa kwa mikono miwili.

"Adhuhuri ni hivyo hivyo," Mwalimu alisema. "Wewe uko Gikomba, yeye yuko gunia. Anangoja, hapati kitu, anajinyoosha anaondoka. Magharibi pia."

Magharibi nilikuwa namwona pale kila siku nikiwa napika. Nilidhani ni adabu.

"Mwezi mzima nafundisha," nikasema, "na neno langu hajalisikia hata siku moja."

"Amelisikia. Ila ameona halina kazi, mwenye kazi ni yule wa juu ya mnara."

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika magoti yake mabovu, na mimi, ambaye sipendi kuchekwa, nikacheka pia, kwa kuwa sauti hiyo sikuwa nimeisikia upande wangu wa dunia kwa muda mrefu. Kisha akainuka kwenda kuswali, amechelewa kidogo kwa sababu yetu.

Alipotoka hakuwa anacheka tena. Alikuwa Mwalimu. Aliniambia kwamba wasichana wake wa kwanza walisoma vizuri sana wakiwa kwenye mkeka, kila mmoja mahali pake, asubuhi. Lakini akikutana na mmoja wao dukani jioni na kumwomba asome aya ile ile, msichana alibaki kumkodolea macho. "Nikajua nilikuwa nimeufundisha mkeka," alisema. Tangu hapo akawa anawauliza njiani, mferejini, wakisuka nywele, mpaka wakajua kile walichokijua.

"Mpaka mwisho wa mwezi ni siku ngapi?" aliniuliza.

"Kumi na saba."

"Basi usikae."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule uzeeni, mwalimu wangu ameketi ng'ambo ya mtaro, mwanafunzi wangu ana mkia, na mimi katikati nikikaripiwa kuliko yeye. Alinikataza kusema neno zaidi ya mara moja. "Ukisema mara tano, anajifunza kungoja ya tano. Sema, kisha ngoja. Wewe hujui kungoja." Ni kweli, sijui. Alinikataza kushika matumbo mkononi. Nikayaficha ndani ya blauzi, hadi wanunuzi Gikomba wakaanza kunusa hewa. Alinikataza kandambili. "Ukimfunza kwa woga," alisema, "siku ya woga atakukimbia, na mimi ndimi nitakayekuwa njiani." Nikairudisha kandambili mguuni.

Nilimfundisha alfajiri kabla ya kwenda kuchagua nguo, na usiku nikishaosha vyombo. Nilimfundisha mferejini katikati ya mitungi, kina mama wakinitania kwamba nimepata mume wa kutii. Nilimfundisha mlangoni mwa duka, kando ya vyoo, juu ya gunia na bila gunia. Siku za mwanzo alikuwa ananitazama tu, akisubiri mnara uamue. Siku ya sita, mferejini, saa kumi na mbili asubuhi, nilisema lala kwa sauti ndogo, nikangoja, nikauma ulimi nisirudie, na akajishusha polepole, tumbo kwenye saruji iliyolowa. Nilipiga kelele hadi mwanamke mmoja akaangusha mtungi.

Niliuliza kama nimwondolee ile tabia ya adhana. Mwalimu alifikiri.

"Hiyo mwachie," alisema. "Mtaa huu wangapi wanaisikia na hawatulii?"

Lakini hakuvuka mtaro, na mimi sikumwomba. Nilikuwa nimeshamwomba mara moja.

Siku nne kabla ya mwezi kuisha nilishikwa na homa ya mafua, sikwenda sokoni. Ilikuwa asubuhi, saa nne na kitu. Nilikuwa nafagia mbele ya mlango, mbwa hana kamba, gunia lake nimelifua linadondoka maji kwenye kamba ya nguo. Mlango wa Mwalimu ukafunguka. Akatoka, ameficha kitu chini ya leso, akaja moja kwa moja hadi kwenye mtaro bila kusimama.

Mbwa alimwona. Akasimama, mkia unaanza kupepea, shingo inanyooka mbele. Niliona tena mkono ule uliolowa, udongo, hesabu hadi saba. Nikafungua mdomo niseme neno, na sauti haikutoka. Mafua yalikuwa yameila. Nilitoa hewa tupu, mara moja, mara mbili, ufagio mkononi, na mguu wa Mwalimu tayari uko juu ya mtaro.

"Lala," alisema Mwalimu.

Alisema mara moja, kwa sauti ya chini, kama anayemkumbusha mtoto kitu anachokijua. Akangoja, mguu mmoja huku, mmoja kule, na magoti yale.

Mbwa aligeuka kutazama mahali pa gunia. Gunia halikuwepo. Akatazama saruji, akamtazama yeye, akajishusha pale pale chini, kidevu juu ya mguu wake mweupe. Mwalimu akavuka. Alipita karibu naye kiasi kwamba pindo la buibui lilitikisika mbele ya pua yake, na mbwa hakuinua hata kichwa. Akaketi kwenye benchi langu, upande wake wa siku zote, akashusha pumzi.

Asubuhi upande wangu hauna kivuli. Jua lilimpiga usoni na hakulalamika. Alitoa kikombe chini ya leso.

"Kwenye msumari wangu umetundika nini?"

Nilitikisa kichwa. Sikuwa nimetundika kitu.

"Basi tia chai," alisema. "Na umpigie binti yako simu, amwambie mtu wa Lucky Summer asisumbuke kuja."

Nilimwonyesha koo langu kwamba siwezi kuongea.

"Afadhali," akasema. "Tutamwambia jioni. Leo nitaongea mimi."

Aliongea hadi adhana ya Adhuhuri. Alipoondoka niliosha kikombe nikakirudisha ukutani, juu ya lile duara jeupe, na kikalifunika lote.